Manukato Kukaa Kutwa: Ngozi, Nguo na Chupa katika Joto la Pwani

Miongoni mwa maswali ambayo wauzaji wa manukato na waandishi wa safu za urembo huulizwa mara kwa mara, hakuna linalorudi kama hili: kwa nini pafyumu iliyopulizwa saa moja asubuhi huwa imekata kabla ya saa nne, ilhali chupa yake ilinunuliwa kwa bei ya kuumiza? Swali hilo huzidi katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo joto la Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hupita nyuzi 30 na hewa hujaa unyevu, na jibu ambalo wengi hujipa wenyewe ni kuongeza mipulizo. Jibu hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu muda wa harufu kukaa mwilini huamuliwa kwa sehemu kubwa na mambo yanayofanyika kabla kifuniko cha chupa hakijafunguliwa: hali ya ngozi, aina ya manukato, mahali yanapowekwa na kile kilichotangulia kuwekwa chini yake. Kuzidisha kiasi huongeza ukali wa nusu saa ya kwanza, ambayo ndiyo humkera jirani katika daladala, na huongeza kidogo tu katika saa zinazofuata.

Katika makala haya, manukato ni kila kitu cha kujitia harufu nzuri. Pafyumu ni manukato yaliyoyeyushwa katika alkoholi na kupulizwa. Na mafuta mazito ni yale yasiyo na alkoholi, yanayopakwa kwa kijiti au kwa ncha ya kidole, ambayo wauzaji wengi huyaita atari.

Kuhakikisha kwamba harufu imekata kweli

Kabla ya kubadilisha chochote, msomaji anapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa daima. La kwanza ni kudumu, yaani muda ambao harufu inabaki juu ya ngozi au nguo hata kama ni kidogo; la pili ni kuenea, yaani umbali ambao harufu hiyo inafika kutoka kwa aliyeivaa. Pafyumu inaweza kudumu saa nane huku ikiwa imeacha kuenea tangu saa ya pili, na aliyeivaa, ambaye hutegemea kuisikia bila kuitafuta, huhukumu kwamba imekwisha.

Zaidi ya hayo, pua huzoea. Harufu isiyobadilika huacha kusikika vizuri baada ya dakika chache, na ndiyo maana mgeni anayeingia katika nyumba iliyofukizwa udi huusikia tangu mlangoni, ilhali wenyeji waliokaa ndani hawana habari nao. Aliyejipulizia shingoni, chini kidogo ya pua yake mwenyewe, huishi katika hali ya wenyeji hao kutwa nzima. Wapo pia watu ambao hawasikii kabisa, au husikia kwa shida, baadhi ya miski zinazotengenezwa viwandani, na hao wanaweza kuilaumu pafyumu ambayo ofisi nzima inaisikia.

Jaribio lifuatalo linamaliza ubishi, na lifanywe siku ya mapumziko ambayo hakuna haja ya kunukia kwa ajili ya mtu yeyote:

1. Mpulizo mmoja uwekwe upande wa ndani wa mkono mmoja, na mwingine juu ya kipande safi cha kitambaa cha pamba, bila kuweka manukato mengine popote mwilini.
2. Kitambaa kiachwe chumba kingine, na mkono usinuswe kila dakika.
3. Baada ya saa nne, anayejaribu atoke nje kwa dakika kumi hivi avute hewa safi, kisha anuse mkono, halafu kitambaa.
4. Mtu ambaye hakuwapo asubuhi aombwe kunusa vilevile, bila kuambiwa kinachotafutwa.

Matokeo husomeka kwa urahisi. Kitambaa kikinukia na mkono usinukie, tatizo liko kwenye ngozi, na sehemu inayofuata baadaye kuhusu maandalizi ya ngozi ndiyo ya kuzingatiwa. Vyote viwili vikiwa havina harufu, tatizo ni pafyumu yenyewe. Mtu wa pili akisikia harufu ambayo mwenye mkono haisikii, tatizo ni pua, na dawa yake ni kuacha kujipulizia shingoni mbele na kuacha kutumia pafyumu moja kila siku bila kupumzika.

Kuisoma chupa kabla ya kuilaumu ngozi

Maneno yaliyochapishwa chini ya jina la pafyumu, ambayo kwa desturi huwa ya Kifaransa, huashiria kiasi cha mafuta ya kunukia yaliyomo ndani ya alkoholi. Viwango hivi si sheria na kila kampuni ina uhuru wake, lakini mipaka ya kawaida ni hii:

- Parfum au Extrait: takriban asilimia 20 hadi 30.
- Eau de Parfum: takriban asilimia 15 hadi 20.
- Eau de Toilette: takriban asilimia 5 hadi 15.
- Eau de Cologne: takriban asilimia 2 hadi 5.

Bodi spreyi huwa chini zaidi, na anayeitegemea imbebe kutoka asubuhi hadi magharibi anaidai kazi ambayo haikutengenezewa.

Hata hivyo, asilimia peke yake haitoshi, kwa kuwa vitu vinavyotoa harufu havigeuki mvuke kwa kasi moja. Pafyumu hutungwa kwa ngazi tatu. Harufu za mwanzo, kama vile limau, chungwa na bergamoti, ambayo ni jamii ya chungwa chachu linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, zina molekuli nyepesi na huondoka ndani ya dakika 15 hadi 30. Harufu za kati, ambazo aghalabu ni za maua, hukaa saa mbili hadi nne. Humo mna waridi, asumini na langilangi, ua ambalo visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa duniani na ambalo limo katika Chanel No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921. Harufu za chini ni zile zenye molekuli nzito: udi, msandali, ambari, miski, vanila, ubani. Hizo hukaa muda mrefu zenyewe, na vilevile huzishika zile nyepesi zisiondoke kwa haraka, ndiyo maana watunzi wa manukato huziita vishikizi.

Kutokana na hayo, msomaji anayetaka harufu ya kukaa kutwa na wakati huohuo anataka inukie limau tupu anataka mambo mawili yasiyopatana. Atachagua moja: ama akubali kuongeza mpulizo mchana, ama atafute pafyumu ambayo limau lake limejengwa juu ya msandali au miski. Bei haisaidii sana kuamua hapa, kwani kuna pafyumu za machungwa zenye bei kubwa ambazo hukata mapema kwa sababu ya maumbile yake, na kuna mafuta mazito ya bei ya wastani ambayo huvuka usiku.

Malalamiko kwamba pafyumu ileile ya zamani haikai kama ilivyokuwa si ya kupuuzwa. Vyombo vya tasnia na vya serikali vimeendelea kuwekea ukomo viambato vinavyosababisha mzio. Kwa mfano, kanuni iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 ilipiga marufuku viambato vitatu, viwili kati yake vikiwa vinapatikana katika kuvu-mwani inayoota kwenye magome ya mialoni, ambayo dondoo lake lilikuwa kishikizi kikubwa katika pafyumu nyingi za karne iliyopita. Pafyumu zilizotegemea kiambato cha namna hiyo zimelazimika kutungwa upya chini ya jina lilelile, na anayehisi tofauti huenda yuko sahihi kabisa.

Maandalizi ya ngozi

Ngozi kavu haina mafuta ya kushika harufu, na pafyumu inayotua juu yake hupanda hewani kwa kasi. Hili huwasumbua zaidi wakazi wa nyanda za juu zenye baridi na hewa kavu, kama Nairobi, Arusha, Mbeya na Njombe, lakini hata pwani, ambako hewa ina unyevu, ngozi inayooshwa kwa sabuni kali mara mbili kwa siku hukauka vilevile. Wapo wanaoamini kwamba miili yao hula pafyumu. Imani hiyo ina msingi, ila mlaji kwa kawaida ni ukavu, na ukavu hutibika.

Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Kuoga kwa sabuni isiyo na harufu kali, kisha kujifuta kwa kugusagusa taulo ili ngozi ibaki na umajimaji kidogo.
2. Kupaka losheni au mafuta yasiyo na harufu mwili mzima, na kungoja dakika chache yaingie.
3. Kupaka mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya mchele tu, mahali hasa panapokusudiwa kuwekwa manukato.
4. Kuweka manukato juu ya mafuta hayo, kabla ya kuvaa vito na nguo zisizovumilia alkoholi.
5. Kuacha mahali hapo pakauke penyewe.

Wengi wa pwani watauliza kwa nini wasitumie mafuta ya nazi. Yale yaliyosafishwa hadi kutokuwa na harufu yanafaa. Yale yanayokamuliwa nyumbani yana harufu yake ya utamu, ambayo huelewana na vanila, asumini na msandali, lakini hugombana na pafyumu ya majani mabichi au ya machungwa. Pingamizi jingine ni kwamba mafuta ya mgando huleta unatanata usiostahimilika wakati wa joto. Pingamizi hilo lina haki dhidi ya wanaojipaka mwili mzima, na halina uzito dhidi ya punje ya mchele katika sehemu tatu.

Jasho nalo lina sura yake. Jasho lenyewe halina harufu kubwa. Bakteria waishio kwapani ndio huligeuza kuwa kikwapa, na pafyumu inayopulizwa juu ya kikwapa huzaa harufu ya tatu ambayo ni mbaya kuliko hizo mbili. Dawa za kwapa ziko za aina mbili: zile zinazoziba kwa muda vinywa vya vitundu vya jasho kwa kutumia chumvi za alumini, na zile zinazozuia bakteria au kufunika harufu tu. Za aina ya kwanza hufanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku juu ya ngozi kavu. Shabu, jiwe jeupe ambalo hulowanishwa na kupitishwa kwapani, ni msaada wa miaka mingi na halileti harufu ya kushindana na manukato. Dawa ya kwapa yenye harufu ya nguvu inaweza kuharibu kazi yote iliyofanywa na pafyumu nzuri, kwa hiyo isiyo na harufu ndiyo ya kuchaguliwa.

Mahali pa kuweka

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuweka manukato kwenye sehemu za mapigo ya damu, yaani vifundo vya mikono, pande za shingo na nyuma ya masikio, kwa sababu joto la hapo hurusha harufu. Ushauri huo ulitokana na nchi za baridi, na kwa msomaji wa Tanga au Lamu unahitaji marekebisho, kwa maana joto linalorusha harufu ndilo linaloimaliza. Vifundo vya mikono, zaidi ya hayo, huoshwa kila mara: kabla ya kula, kwenye udhu, jikoni. Sehemu zinazofaa zaidi katika joto ni zile zilizofunikwa na zisizooshwa mara kwa mara:

- kifua, chini ya nguo;
- mkunjo wa ndani wa kiwiko, kwa wavaao mikono mirefu;
- kisogo, chini ya mtandio, ushungi au nywele;
- nyuma ya magoti, kwa kuwa harufu hupanda.

Mipulizo mitatu au minne inatosha kwa Eau de Parfum, kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20. Kwa mafuta mazito, mguso wa kijiti sehemu mbili ni kipimo kamili, na wa tatu ni ufahari.

Nywele hushika harufu vizuri, lakini alkoholi huzikausha; ni salama zaidi kupuliza kwenye brashi au kitana, kuacha dakika moja, kisha kuchana. Ngozi itakayopigwa na jua, hasa ya shingo, isiwekwe pafyumu yenye bergamoti au ndimu nyingi, kwa kuwa mafuta ya matunda hayo yana kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya miezi kadhaa. Watengenezaji wengi wa leo huziondoa kemikali hizo, ila mnunuzi wa mafuta yasiyo na lebo hana njia ya kujua.

Nguo, chetezo na moshi wa udi

Jambo ambalo miongozo ya kigeni huligusa kwa mstari mmoja ndilo ambalo pwani ya Afrika Mashariki imelifanyia kazi kwa vizazi: harufu inayokaa zaidi ni ile iliyotangulia kuingia katika nguo. Kitambaa hakina joto la mwili wala jasho kwa kiasi cha ngozi, na nyuzi za pamba na sufu huishika harufu kwa siku kadhaa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi manukato yalivyotumika katika nguo na malazi ya watu wa jumba la Unguja, na mpangilio wa kazi hiyo haujabadilika sana: moshi kwa nguo, mafuta kwa ngozi, maji ya waridi kutoka kwenye mrashi kwa mikono na uso wa mgeni.

Udi wenyewe ni mti wa jamii ya Aquilaria, wa Asia, ambao ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu hutoa utomvu mweusi wenye harufu. Vipande halisi vina bei kubwa, na kwa matumizi ya kila siku watu wengi hutumia udi unaopikwa majumbani, ambao ni unga au vipande vidogo vya miti ya kunukia vilivyochanganywa na sukari na mafuta kama halwaridi, miski na ambari. Aina zote mbili huharibiwa na kosa moja: moto mkali. Namna ya kufukiza nguo vizuri ni hii:

1. Makaa yawashwe nje, yaachwe mpaka yafunikwe na jivu, ndipo yatiwe ndani ya chetezo. Yale makaa ya vidonge yanayoshika moto upesi yana dawa yenye harufu yake, nayo pia husubiriwa hadi dawa hiyo iishe.
2. Kipande cha udi kisichozidi ukubwa wa ukucha kiwekwe juu ya jivu, si juu ya kaa jekundu. Moshi mwembamba mweupe ni dalili njema. Moshi mzito wenye uchungu wa sukari iliyoungua una maana kwamba moto umezidi, na nguo iondolewe mara moja.
3. Nguo iliyofuliwa na kukauka itandazwe juu ya tenga la kufukizia, au itundikwe juu ya chetezo kwa umbali usioweza kushika cheche, na igeuzwe ili moshi uingie ndani na nje.
4. Baada ya dakika kumi au kumi na tano, nguo ikunjwe na kufungiwa kabatini hadi asubuhi.

Kuna tahadhari ambazo hazina mjadala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo dirisha liwe wazi na chetezo kisiachwe chumbani mwa kulala. Kisiachwe pia peke yake na watoto, wala chini ya nguo za poliesta, kama mabuibui mengi ya siku hizi, ambazo huyeyuka kwa joto dogo. Mwenye pumu asikae ndani wakati wa kufukiza.

Kwa asiye na nafasi ya kufukiza, kupuliza nguo kunasaidia, ila kila kitambaa kina masharti yake. Khanga, kitenge na shati la pamba huvumilia. Hariri huingia madoa. Vitu vya ngozi na lulu huharibiwa na alkoholi. Kanzu nyeupe isiguswe kabisa na mafuta mazito, hasa yale ya udi yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa doa lake halisikii sabuni. Mafuta hayo yapakwe kifuani, na fulana ivaliwe kati.

Kupanga tabaka bila kuchanganya

Tabaka ni zile harufu zinazowekwa moja juu ya nyingine ili ile ya chini iishikilie ya juu. Utaratibu unaofaa ni moshi katika nguo usiku uliotangulia, mafuta yasiyo na harufu mwilini baada ya kuoga, mguso wa mafuta mazito, na pafyumu mwisho. Tabaka tatu zenye harufu ndizo kikomo. Asiyejua pa kuanzia achukue msandali au miski kama tabaka la chini, kwa kuwa hupatana na karibu kila kitu. Udi hupatana na waridi na zafarani, na huelemea harufu laini za majani. Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba huyakamua kutokana na majani na vikonyo, yana nguvu na huweza kuwasha ngozi. Hayapakwi bila kuchanganywa na mafuta mengine. Vikuba vya asumini, rehani na mkadi navyo ni tabaka, lakini ni tabaka la jioni tu, kwa kuwa maua mabichi hunyauka baada ya saa chache na uzuri wake uko hapohapo.

Manukato yoyote mapya, hasa mafuta, yajaribiwe kwanza upande wa ndani wa mkono na kuachwa kwa siku moja au mbili. Mwenye ukurutu, au ambaye ngozi yake huvimba na kuwasha kwa urahisi, aweke manukato kwenye nguo peke yake.

Makosa yanayorudiwa

- Kusugua vifundo vya mikono baada ya kupuliza. Husemwa kwamba kusugua huvunja molekuli. Hakuvunji chochote, ila joto la msuguano huharakisha harufu za mwanzo na kiasi kingine huhamia mahali kisipotakiwa.
- Kupuliza hewani na kupita katikati ya wingu. Sehemu kubwa ya pafyumu huishia sakafuni, na sakafu haina mwaliko wa kwenda nao.
- Kufunika harufu ya jana kwa harufu ya leo. Nguo yenye pafyumu ya zamani ifuliwe kwanza.
- Kulainisha nguo kwa dawa yenye harufu kali, kisha kulaumu pafyumu kwamba haisikiki.
- Kunusa pafyumu saba dukani na kununua ya saba. Tatu zinatosha kwa siku moja, na ziwekwe kwenye ngozi, si kwenye karatasi peke yake. Mnunuzi aondoke dukani, arudi baada ya saa kadhaa kama bado anaipenda mojawapo.

Pafyumu za kupima

Katika maduka ya Kariakoo na masoko mengine mengi, mafuta ya kunukia huuzwa kwa mililita na kuchanganywa na alkoholi mbele ya mnunuzi. Hakuna ubaya katika biashara hiyo, na harufu zake nyingine hukaa kuliko za chupa za asili, mradi mnunuzi aulize mambo mawili. La kwanza ni uwiano: mililita ngapi za mafuta katika chupa ya mililita ngapi, kwa kuwa chupa ya mililita 50 yenye mafuta 5 ni asilimia 10 tu, hata lebo ikisema nini. La pili ni alkoholi iliyotumika. Muuzaji asiyeweza kuonyesha kopo lake wala kusema kama ni ya kupakwa mwilini aachwe. Mchanganyiko mpya huwa na ukali wa spiriti na harufu ambazo hazijaoana. Uhifadhiwe gizani kwa wiki mbili hadi nne, na tofauti itaonekana. Anayetaka kukaa zaidi bila kungoja anunue mafuta yenyewe bila kuchanganywa.

Kuongeza mchana

Hata maandalizi bora hayafuti haja ya kuongeza mara moja, hasa kwa anayetembea juani. Kichupa kidogo cha mililita 5 au 10 kinatosha mkobani. Jasho lifutwe kwanza kwa kitambaa chenye maji, ngozi ikauke, kisha uwekwe mpulizo mmoja mahali palepale. Kupuliza juu ya jasho ni kupoteza mali. Katika wodi za hospitali, vyumba vya watoto wachanga na mabasi ya masafa marefu yenye madirisha yaliyofungwa, mpulizo huo uahirishwe.

Kuhifadhi chupa

Joto, mwanga na hewa huozesha pafyumu ambayo haijatumika. Chupa iliyoachwa garini huko Dar es Salaam kwa wiki moja ya Februari, au iliyopangwa kwenye meza ya kioo kando ya dirisha, huanza kupoteza harufu zake za mwanzo na baadaye hubadilika yote. Mahali pake ni ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na bafu, kifuniko kikiwa kimebana. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye namba kama 36M, inayochapishwa chini ya boksi, hueleza miezi ya matumizi baada ya kufunguliwa, ingawa chupa iliyotunzwa vizuri mara nyingi huizidi miezi hiyo.

Dalili ya kuharibika ni ukali wa siki au wa vanishi unaosikika mwanzoni na usioondoka baada ya dakika chache. Rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu, kwa sababu pafyumu yenye vanila hugeuka kahawia kadiri inavyokaa na bado ikawa nzima. Iliyoharibika kweli isiwekwe tena kwenye ngozi. Matone machache juu ya kipande cha pamba, ndani ya kabati la viatu, ni matumizi yanayoifaa.